Kuupima Ulimwengu kwa Kwasari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Orodha za kwasari zilizopo leo zina zaidi ya vitu milioni moja, kila kimoja na mahali pake angani na kipimo cha umbali wake, na ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Dodoma au Eldoret anapakua faili zile zile zinazotumiwa na watafiti wa Arizona na Cambridge. Data zimeshapatikana. Kinachohitajika ni utaratibu wa kuzihoji, na huo ndio unaoelezwa hapa: namna ya kuchukua mtawanyiko wa kwasari za mbali na kuamua kwa hesabu kama modeli fulani ya ulimwengu inasimama au inaanguka.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana hatua zote zinalitegemea. Modeli haipimwi kwa kutazama kwasari zilizoonekana peke yake. Hupimwa kwa kulinganisha kilichoonekana na kile ambacho kingeonekana, kwa darubini ile ile na mipaka yake ile ile, kama modeli ingekuwa kweli. Sehemu hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo wengi huiruka.

Ijue kwasari kabla ya kuihesabu

Kwasari ni kitovu cha galaksi ambamo shimo jeusi lenye masi ya mamilioni hadi mabilioni ya majua linavuta gesi. Gesi hiyo, kabla ya kutumbukia, huzunguka kwa kasi, hupata joto kali na kutoa mwanga unaoweza kuzidi ule wa nyota zote za galaksi yenyewe. Kwa umbali wake, kwasari huonekana kama nukta tu, na kwa jicho haitofautiani na nyota. Tofauti hujitokeza pale mwanga unapochanganuliwa kuwa spektra.

Hivyo ndivyo zilivyogunduliwa. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, akitumia darubini kubwa ya Palomar huko California, alitambua kwamba mistari iliyowatatiza wanafalaki katika spektra ya 3C 273 ilikuwa mistari ya kawaida ya hidrojeni, ila imesogezwa kwa karibu asilimia 16 kuelekea upande wa nyekundu. Nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 2 kutufikia. Kwa sisi wa karibu na Ikweta, 3C 273 ina faida ya pekee: iko katika kundinyota la Mashuke, karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hiyo hupita karibu na utosi wa mtazamaji aliyeko Nairobi au Kampala. Darubini yenye kioo cha sentimita 20, mahali penye giza la kutosha, inaweza kuionyesha.

Kule kusogea kwa mistari tutakuita mhamo mwekundu, na alama yake ni z. Ukiambiwa z ni 2, maana yake ni kwamba wimbi la nuru lililotufikia lina urefu mara 3 ya lilivyotoka, kwa sababu anga lenyewe limetanuka mara 3 tangu hapo. Kadiri z inavyokua, ndivyo unavyotazama mbali zaidi na zamani zaidi.

Kwa nini kwasari na si galaksi za kawaida? Kwa sababu zinang'aa kiasi cha kuonekana pale ambapo galaksi nyingi zimeshafifia, na kwa sababu wingi wao ulifikia kilele kwenye z ya 2 hadi 3, yapata miaka bilioni 10 hadi 11 iliyopita. Kipindi hicho ndicho ambacho modeli nyingi hutofautiana.

Hatua ya 1: Uliza swali ambalo modeli inaweza kulishindwa

Swali kama "je, kwasari zinaonyesha nini kuhusu ulimwengu?" halipimiki. Swali linalopimika hutaja namba au umbo ambalo modeli imelazimika kulitabiri. Mfano bora uko katika historia ya fani yenyewe.

Mwaka 1948 Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle walitoa modeli ya Hali Thabiti: ulimwengu hauna mwanzo, unatanuka daima, na mata mpya huzaliwa polepole ili msongamano ubaki ule ule. Ilikuwa modeli jasiri kwa sababu ilijifunga. Ilisema kwamba ulimwengu kwa wastani una sura moja katika kila zama. Basi idadi ya kwasari kwa kila ujazo wa anga haina budi kuwa ile ile zamani na sasa.

Mwaka 1966 Dennis Sciama, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wa modeli hiyo, na mwanafunzi wake Martin Rees walichunguza jinsi kwasari zilivyogawanyika kwa mihamo yao. Kwasari za mbali zilikuwa nyingi mno kuliko modeli ilivyoruhusu. Sciama akaiacha Hali Thabiti. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wametangaza ugunduzi wa mnururisho wa mikrowevu, masalia ya ulimwengu ulioanza kwa Mlipuko Mkuu, unaotufikia kutoka kila upande wa anga, na ushahidi huo wa pande mbili ukaihitimisha kesi.

Kabla ya kugusa data, kwa hiyo, andika sentensi moja yenye umbo hili: "Kama modeli hii ni kweli, kipimo fulani lazima kiwe kati ya hapa na pale." Ukishindwa kuiandika, bado hujafika kwenye jaribio.

Hatua ya 2: Chagua orodha inayolingana na swali

Zipo orodha tatu za kuanzia, na kila moja ina kazi yake.

*SDSS.* Mradi huu unatumia darubini ya mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico. Orodha yake ya toleo la 16 ina kwasari 750,414 zenye spektra. Mihamo yake ni sahihi, kwa hiyo inafaa kwa kazi inayohitaji umbali. Inafunika sehemu tu ya anga, hasa ya kaskazini.

*DESI.* Mradi huu uko Kitt Peak, Arizona, kwenye darubini ya Mayall ya mita 4, yenye nyuzi 5,000 za kukusanyia nuru ambazo roboti ndogo huzielekeza. Toleo lake la kwanza la data, la Machi 2025, lina kwasari takriban milioni 1.6.

*Quaia.* Orodha hii imeundwa kwa data za setilaiti za Gaia na WISE, na ina kwasari karibu milioni 1.3 zilizotawanyika anga nzima. Mihamo yake imekadiriwa kutoka spektra hafifu ya Gaia na rangi za WISE, kwa hiyo ina makosa makubwa kuliko ya SDSS. Inafaa kwa swali linalohusu pande za anga, si kwa swali linalohitaji umbali wa kila kwasari kwa usahihi.

Kama bando lako ni dogo, usipakue faili nzima. Tovuti ya SDSS inapokea maswali ya SQL, na hifadhi ya VizieR nayo inakuruhusu kuchagua safu unazotaka. Kwa kuanzia unahitaji safu nne tu: sehemu mbili za mahali angani, z, na mwangaza. Programu ya TOPCAT itakufungulia faili hizo bila kuandika msimbo wowote. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tumia Python pamoja na maktaba ya Astropy. Vyote viwili ni bure.

Hatua ya 3: Tambua kilichofichwa

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Orodha ya kwasari nayo imeundwa kwa maamuzi mengi: nukta ipi ipewe nafasi ya kupimwa, ipi iachwe, na wapi pasitazamwe kabisa. Maamuzi hayo huacha alama katika mtawanyiko, na asiyezijua atazidhania kuwa alama za ulimwengu. Angalia nne kubwa.

Ya kwanza ni kikomo cha mwangaza. Simama usiku kando ya Ziwa Victoria utazame taa za wavuvi wa dagaa: zilizo karibu utaziona zote, hafifu na kali, lakini za mbali utaona zile kali tu. Orodha ya kwasari iko hivyo hivyo. Ukichora wastani wa nguvu ya kwasari dhidi ya umbali, utaona nguvu ikipanda, na sehemu kubwa ya upandaji huo inatokana na kikomo chenyewe.

Ya pili ni rangi. Katika miaka ya mwanzo ya SDSS kwasari zilichaguliwa kwa kuwa rangi zao hazifanani na za nyota. Lakini kwenye z ya karibu 2.7 rangi za kwasari huangukia palepale zilipo rangi za nyota, na nyingi hupotea katika uteuzi. Chati ya idadi dhidi ya z inaonyesha bonde mahali hapo. Bonde hilo lilitokana na njia ya kuchagua, halikuwa ukuta wala pengo angani.

Ya tatu ni vumbi la galaksi yetu. Ukanda wa Njia Nyeupe hufifisha nuru na kuigeuza rangi, kwa hiyo watafiti huondoa kabisa eneo lililo karibu na ukanda huo, kisha hurekebisha lililobaki kwa ramani za vumbi.

Ya nne ni mitambo. Nyuzi za kukusanyia nuru zina unene. Katika SDSS ya miaka ya 2010, nyuzi mbili za sahani moja (bamba lenye matundu ya kuchomekea nyuzi) hazikuweza kuwekwa karibu zaidi ya sekunde 62 za tao, kwa hiyo kwasari zilizopakana sana zilipungua kwenye orodha. Anayehesabu jozi za karibu asipojua hilo atadhani kwasari zinakimbiana.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha nasibu

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama. Orodha nasibu ni orodha ya nukta zilizotupwa bila mpangilio wowote, lakini ndani ya mipaka ile ile ya data: eneo lile lile la anga, mashimo yale yale yaliyoondolewa, mgawanyo ule ule wa z, na upungufu ule ule palipo na vumbi. Inakuonyesha jinsi anga lingeonekana kwa chombo kile kama kwasari zisingekuwa na mpangilio wa aina yoyote.

Ifanye iwe kubwa kuliko data, angalau mara 10 hadi 20, ili kelele yake yenyewe, yaani mtikisiko wa bahati, isiharibu kipimo. Kama unatumia SDSS au DESI, usijichoshe kubuni mipaka upya: miradi yote miwili imetoa orodha maalumu za kupimia mkusanyiko, pamoja na orodha nasibu zake na uzito wa kila nukta. Tumia hizo badala ya orodha kuu ya kwasari 750,414, kwa sababu orodha kuu imechanganya kwasari zilizochaguliwa kwa njia nyingi tofauti na haifai kuhesabiwa ilivyo.

Hatua ya 5: Geuza z kuwa umbali, na ukumbuke kwamba umetumia modeli

Hakuna anayepima umbali wa kwasari moja kwa moja. Tunapima z, na modeli ndiyo inayotafsiri z kuwa umbali. Tafsiri hizo zinaachana sana. Chukua kasi ya utanukaji ya kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, ambapo megaparseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26. Katika ulimwengu tambarare wenye mata asilimia 30 na nishati giza (ile inayoharakisha utanukaji) asilimia 70, kwasari ya z ya 2 iko leo umbali wa megaparseki 5,200 hivi. Katika ulimwengu tambarare wenye mata tupu, kwasari hiyo hiyo iko umbali wa karibu 3,600. Ujazo wa anga hadi hapo unatofautiana kwa karibu mara 3.

Maana yake kwa kazi yako ni mbili. Kwanza, tofauti kubwa namna hii ndiyo inayozipa kwasari uwezo wa kuhukumu. Pili, usije ukatumia modeli kukokotoa umbali, kisha ukatangaza kwamba umbali huo umethibitisha modeli. Rudia hesabu kwa kila modeli unayoshindanisha, au tumia mbinu inayokuambia ni kwa kiasi gani umbali uliodhaniwa umekosea.

Kumbuka pia kwamba z yenyewe ina kosa. Mistari ya kwasari ni mipana, na baadhi, hasa ule wa kaboni, husogezwa na gesi inayotoka kwa kasi kwenye kitovu. Kosa la kilomita 300 kwa sekunde kwenye z ya 1.5 ni kama megaparseki 5 za umbali. Kwa mpangilio wa megaparseki 150 hilo ni dogo. Kwa mpangilio wa megaparseki 10 ni balaa.

Hatua ya 6: Chagua kipimo

*Kipimo cha ujazo.* Hiki ndicho chepesi kuanza nacho, na Schmidt alikitumia mwaka 1968 kwa kwasari za redio. Kwa kila kwasari, kokotoa ujazo V wa anga uliopo kati yetu nayo. Kisha uliza: ingesogezwa mbali kiasi gani ndipo ifikie kikomo cha mwangaza cha orodha? Ujazo hadi hapo ni Vmax. Gawanya V kwa Vmax. Kama kwasari zimetawanyika sawasawa katika ujazo wote, majibu yatasambaa sawia kati ya 0 na 1, na wastani wake utakuwa 0.5. Kosa la wastani huo ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 12N, ambapo N ni idadi ya kwasari. Kwa kwasari 100 kosa ni 0.029, kwa 10,000 ni 0.0029.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kikomo cha mwangaza kimo ndani yake, kwa hiyo hakikupotoshi. Schmidt alipata wastani uliozidi 0.5 kwa kiasi ambacho bahati haiwezi kukieleza: kwasari zilikuwa nyingi zaidi zamani. Ukichukua zile za z iliyozidi 3, mambo hugeuka na wastani hushuka chini ya 0.5, kwa sababu hapo unaelekea zama ambazo kwasari zilikuwa bado hazijawa nyingi.

Lakini tambua kipimo hiki kinaishia wapi. Kinaipinga Hali Thabiti kwa sababu modeli hiyo ilikataza mabadiliko ya zama. Modeli za Mlipuko Mkuu zinayaruhusu, kwa hiyo wastani wa 0.7 hauwezi kuchagua kati ya ulimwengu wenye nishati giza na usio nayo. Wingi wa kwasari na ujazo wa anga vimefungamana, na kwa hesabu ya idadi peke yake huwezi kuvitenganisha.

*Kipimo cha jozi.* Hapa unaacha kuuliza kwasari ni ngapi, unauliza zimetengana vipi. Katika miaka 380,000 ya mwanzo ulimwengu ulikuwa gesi ya moto iliyobanana na nuru, na mawimbi ya sauti yalisafiri ndani yake. Ulipopoa kiasi cha nuru kuachana na gesi, mawimbi hayo yalisimama, yakaacha umbali maalumu kati ya maeneo yenye mata nyingi. Kwa vipimo vya leo umbali huo ni karibu megaparseki 150, yaani miaka ya nuru milioni 490. Fizikia ya kipindi hicho inajulikana vizuri, kwa hiyo umbali huo ni rula inayoaminika, na haitegemei kwasari zilikuwa nyingi au chache katika zama fulani.

Utaratibu ni huu. Hesabu jozi zote za kwasari kwa kila umbali wa kutengana (DD), jozi za nukta nasibu (RR), na jozi za kwasari na nukta nasibu (DR). Kisha tumia kanuni ya Stephen Landy na Alexander Szalay ya mwaka 1993: DD toa DR mara mbili jumlisha RR, vyote gawanya kwa RR, baada ya kila hesabu kugawanywa kwa jumla ya jozi zake. Jibu ni ziada ya jozi juu ya bahati. Kwasari 100,000 zina jozi bilioni 5. Programu ya Corrfunc iliundwa kwa kazi ya namna hiyo, na kompyuta ya mezani inaimudu.

Usitarajie kilima kirefu. Kwenye megaparseki 150 ziada ni chini ya jozi 1 kwa kila jozi 100, na kwasari zimetawanyika mbalimbali mno, kwa hiyo kelele ni kubwa. Ndiyo maana kilima hicho kilionekana kwanza kwenye galaksi, mwaka 2005, na ikabidi kusubiri hadi 2017 ndipo watafiti wa SDSS wakakipata kwa kwasari zenyewe: kwasari 147,000 hivi, z ya wastani 1.52, na umbali uliopimwa kwa usahihi wa asilimia 3.8. Jibu lililingana na modeli yenye nishati giza isiyobadilika.

DESI imeendeleza kazi hiyo. Ilipounganisha galaksi, kwasari na gesi ya hidrojeni inayoacha alama katika spektra za kwasari za mbali, pamoja na data nyingine zikiwemo za supanova, matokeo yake ya 2024 na 2025 yalidokeza kwamba huenda nishati giza inapungua nguvu kadiri zama zinavyopita. Dokezo la 2025 lilikuwa kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma hupima jibu liko mbali kiasi gani na bahati tupu) kutegemea data zipi za supanova zimetumika, nalo halijafikia sigma 5 ambazo wanafizikia huzidai kabla ya kutangaza ugunduzi.

*Kipimo cha umbo.* Charles Alcock na Bohdan Paczyński walionyesha mwaka 1979 kwamba kitu chenye umbo la duara kwa wastani kitaonekana kimebinywa au kimerefushwa ukitumia modeli isiyo sahihi kugeuza z kuwa umbali. Gawa jozi zako mafungu mawili: zilizopangika kuelekea kwetu na zilizokaa kimkingamo. Kama modeli yako ni sahihi, rula ya megaparseki 150 itatokea mahali pamoja katika mafungu yote mawili. Tahadhari: kwasari zina mwendo wake wenyewe, zikivutwa na uvutano wa mata iliyo jirani, na mwendo huo nao hupotosha umbo. Lazima uingizwe kwenye hesabu, usiachwe.

*Kipimo cha pande za anga.* Modeli zote kuu za leo zinadai kwamba, kwa upana wa kutosha, ulimwengu ni sawa kila upande. Sisi tunasafiri. Mnururisho wa Mlipuko Mkuu unaonyesha kwamba Jua linakwenda kilomita 370 kwa sekunde kuelekea upande mmoja wa anga. Mwaka 1984 George Ellis na John Baldwin walieleza kwamba mwendo huo lazima uonekane pia katika hesabu ya vitu vya mbali: upande tunakoelekea vitaonekana vingi kidogo na vikali kidogo. Kwa kwasari, tofauti inayotarajiwa ni karibu 0.007, chini ya asilimia 1.

Kabla ya kujaribu, kokotoa kelele: ni takriban kipeuo cha pili cha (3 gawanya kwa N) kwa kila mhimili. Kwasari 10,000 zina kelele ya 0.017, kubwa kuliko kinachotafutwa, kwa hiyo jaribio halina maana. Kwasari milioni 1.3 zina kelele ya 0.0015, na hapo jaribio linawezekana. Mwaka 2021 Nathan Secrest na wenzake walilifanya kwa zaidi ya kwasari milioni 1.3 za WISE, wakapata tofauti inayozidi mara 2 ya ile iliyotarajiwa. Matokeo hayo yakisimama, msingi mmoja wa kosmolojia ya leo utahitaji kuchunguzwa upya. Yanaweza pia kuwa yanatokana na alama za uteuzi ambazo hazijaondolewa zote. Mjadala haujafungwa, na orodha zinazobishaniwa ziko wazi kwa yeyote.

Hatua ya 7: Jaribu kuliangusha jibu lako

Macho ya binadamu huona mpangilio hata pasipo na kitu. Mwaka 2013 Roger Clowes na wenzake walieleza kundi la kwasari 73 kwenye z ya 1.27, lenye urefu wa karibu miaka ya nuru bilioni 4, wakasema ukubwa huo unagongana na usawa wa ulimwengu. Mwaka huo huo Seshadri Nadathur alichukua mbinu ile ile ya kutafuta makundi akaitumia kwenye nukta nasibu. Makundi makubwa namna hiyo yakajitokeza humo pia, ambamo hakuna mpangilio wowote. Jaribio lake ni rahisi kulirudia, na linamfaa kila anayeanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dai la mihamo inayojirudia kwa vipindi maalumu, lililoanza miaka ya 1960 na 1970 kwa orodha ndogo za kwasari. Mwaka 2002 Ed Hawkins, Steve Maddox na Michael Merrifield walilipima kwa data kubwa za uchunguzi wa 2dF wa Australia, na vipindi hivyo havikuonekana.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini jibu lako, fanya haya:

1. Pitisha orodha nasibu kwenye hesabu yako yote kana kwamba ni data. Ikitoa "ugunduzi", kosa liko kwenye mbinu.
2. Gawa anga vipande 20 au zaidi, ondoa kipande kimoja kimoja, urudie hesabu. Mtikisiko wa majibu utakupa kadirio la kosa lako.
3. Linganisha kaskazini na kusini, na maeneo ya vumbi na yasiyo na vumbi.
4. Badilisha kikomo cha mwangaza kidogo. Jibu la kweli halitayumba sana.
5. Usiguse kanuni za kuchuja data baada ya kuona jibu. Ukilazimika, anza upya na uandike kwamba umeanza upya.

Na ukitoa ripoti, toa namba pamoja na kosa lake, taja modeli uliyotumia kugeuza z, na useme ni matokeo gani yangekufanya uikatae. Ripoti isiyo na sentensi hiyo ya mwisho haijaipima modeli.

Pa kuanzia

Anza na kwasari elfu chache za SDSS zilizochaguliwa kwa kikomo kimoja cha mwangaza, ufanye kipimo cha ujazo kwa modeli mbili tofauti. Ukishaona wastani ukizidi 0.5 katika zote mbili, utakuwa umerudia kwa mikono yako hoja iliyosaidia kuangusha modeli nzima ya ulimwengu. Kisha nenda kwenye jozi, ukitumia orodha nasibu ambazo miradi imekuandalia. Kipimo cha pande za anga kiache mwisho, maana ndicho kinachoadhibu uzembe kuliko vyote.

Walimu wa fizikia wa vyuo na wa sekondari za juu, kazi hii inafaa kabisa kwa mradi wa mwanafunzi: haihitaji maabara, haihitaji kibali, na swali lake ni miongoni mwa makubwa ambayo binadamu amewahi kuuliza. Wapeni wanafunzi data halisi badala ya mifano iliyopikwa. Nawe unayeanza leo, andika utabiri wako kwanza, uweke tarehe, ndipo ufungue faili.